Msasa wa Silvère

Dkt. Daphrose Mukunde alijua mambo yameharibika pale mkurugenzi wa hospitali alipomkaribisha chai. Peace hakuwa mtu wa chai. Alikulia Kampala, akarudi Kigali na mwendo wake wa haraka, na vikao vyake vilikuwa vya kusimama ili watu wasijisahau. Alasiri hiyo alifunga mlango, akamimina maziwa, akauliza habari za Ariane, binti wa Daphrose aliyeolewa Ubelgiji, na alipojibiwa akauliza tena habari za Ariane.

"Peace, mdogo wangu," Daphrose akamkatiza, "mimi si mgonjwa wa kuandaliwa. Sema ulichoniitia."

Peace akasema. Kuanzia kesho, Daphrose asiingie chumba cha upasuaji mpaka mtaalamu wa mishipa ya fahamu ampime mikono. Mwenzao mmoja, mtu ambaye neno lake lina uzito, amesema inatetemeka anapofanya kazi.

Daphrose akacheka, tena kicheko cha kutoka tumboni. Mikono ipi? Hii? Akainyoosha juu ya meza, ikatulia tuli. Mikono hiyo ilianza kuwashona watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka tangu Peace akivaa sare za shule. Kuna vijana mjini humu wamefuga masharubu juu ya makovu yake, na mabinti wanaopaka rangi ya mdomo bila kujificha. Leo mtu aje aseme inatetemeka!

Peace aligeuza tu simu yake.

Kwenye kioo palikuwa na picha ya ubao wa imigongo, ile michoro ya matuta ya samadi, uliokauka, bado haujapakwa rangi. Matuta yake yalikwenda yakiyumba, yakikaribiana hapa na kuachana pale, kama mwandiko wa mtu anayeandika ndani ya gari linalokwenda. Daphrose aliutambua ubao ule mara moja kwa ufa wake wa pembeni. Ulikuwa ubao wake wa Jumamosi iliyopita. Ulikuwa kwenye karakana yao kule Gikondo, na mlango wa karakana ulikuwa na funguo mbili tu. Mmoja ulikuwa kwenye mkoba wake. Mwingine alikuwa nao naibu wake, Silvère Gasana.

Hakumaliza chai. Hakuaga.

Ili uelewe alivyoumia, yakupasa umjue mwanamke huyu na uchoraji wake. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, katika nyumba ya wakimbizi ambao kila kitu kwao kilikuwa cha muda, hata kuta. Alizichora kuta hizo kwa mkaa, akachapwa, akachora tena. Baba yake alitaka daktari; alipewa daktari, lakini daktari aliyechora. Chuoni Dar es Salaam wenzake walisoma misuli ya uso kwenye michoro yake, wakafaulu, wakasahau kumshukuru. Aliporudi Rwanda akapangiwa Kirehe, kule mashariki, na huko akawakuta akina mama wakichanganya mavi ya ng'ombe na majivu, wakiinua matuta juu ya ubao kwa vidole vitupu, wakiyaacha yakauke, wakiyasugua, wakiyapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Siku ya kwanza alikwenda kutazama tu. Jioni alirudi zahanati akiwa na mavi mpaka kwenye viwiko, na habari za daktari huyo zikaenea tarafa nzima kabla ya giza kuingia.

Tangu hapo hakuacha. Hata alipohamia Kigali, hata alipokuwa mkuu wa idara, Jumamosi zake zilikuwa za ubao. Na Jumamosi ya mwisho ya mwezi alitoka umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na jembe lake, akaliegesha nje ya karakana, akaingia kazini. Watu walimwuliza atachagua lini, utadhani kimoja kilikuwa mume na kingine hawara. Yeye aliwajibu kwamba mkono ni ule ule. Mkono unaojua tuta linapopinda unajua na mdomo unapopinda. Aliliamini jambo hilo kuliko alivyoamini mengi ya kanisani.

Silvère alikuja baadaye. Alikuwa kijana wa Buyenzi, Bujumbura, mpole, mwenye mikono mirefu. Alikuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake, kisha naibu wake. Jumamosi moja alipita karakana kuchukua saini, akashika brashi kwa kutaka kujua tu, na ni kama hajaondoka hadi leo. Hospitalini kulikuwa na Kinyarwanda cha wagonjwa na Kiingereza cha mikutano. Gikondo walizungumza Kiswahili, yeye cha Karagwe na mwenzake cha Buyenzi, wakichekana matamshi. Mke wa Silvère alikuwa akisema ameolewa uke wenza na ng'ombe.

Vumbi la kusugua lilipoanza kumbana Daphrose kifua, waligawana kazi. Yeye alikuja Jumamosi, akainua matuta, akauacha ubao ukiwa mbichi. Katikati ya wiki Silvère alikuja peke yake na msasa, akasugua ubao uliokauka, akafagia, akapaka rangi. Jumamosi iliyofuata Daphrose alikuta ubao umekamilika ukutani, mistari imenyooka, akautazama na kuondoka nao moyoni wiki nzima. Samadi ikiwa mbichi, kila tuta huonekana limelewa. Ni likikauka ndipo unaliona lilivyo.

Sasa pikipiki ikiwa inamteremsha Gikondo, Daphrose alikuwa ameshapata jibu. Silvère ameuharibu ubao. Ameinua matuta mabovu kwa vidole vyake mwenyewe, akapiga picha, akapeleka. Kwa nini? Kwa sababu mkataba wake Daphrose ulikuwa uongezwe mwezi huo, na usipoongezwa, kiti kinamwangukia nani? Kila kitu kikakaa mahali pake vizuri, vizuri mno. Alimtukana Silvère kimoyomoyo kwa Kiswahili cha Karagwe, matusi ambayo hakujua kama bado anayo.

Karakana yao ilikuwa nyuma ya gereji ya Cyusa, fundi wa magari mwenye sauti ya kushinda injini. Alitoka chini ya gari akijifuta mafuta.

"Dogiteri! Leo si samedi, umekuya kufanya nini?"

"Silvère amekuwa hapa?"

"Muzehe? Alikuya hii wiki, lakini hakusugua. Alisimama tu, akapiga foto, akaenda. Tukasema, huyu iko mugonjwa." Cyusa akatikisa kichwa. "Ile wiki zingine anasugua mpaka vumbi inatuua. Ubao moja tu, mutu anashinda hapo kutwa! Siye tunasemaga, iko anatafuta nini ndani?"

Daphrose hakuyatia maanani. Alifungua mlango, akasimama mbele ya ukuta. Hizo hapo, mbao zake. Mistari imenyooka, pembe zimekutana, hakuna palipoyumba. Alitoa simu apige picha zote, ampelekee Peace, amwambie tazama mwenyewe, kisha muulize mtu wako mwenye neno zito. Lakini kwanza aliunyanyua ule ubao wa ufa akausogeza dirishani, apate ushahidi wa vidole vya mwizi.

Akaupata. Daphrose alikuwa na tabia, tangu Kirehe, ya kulimaliza kila tuta kwa kuligandamiza kwa dole gumba la kushoto. Dole hilo lilikatwa na chupa utotoni na lina kovu linalopita katikati. Mwisho wa kila tuta lile lililoyumba, pale penye mwanga, palikuwa na alama ya dole gumba, na katikati ya kila alama palipita kovu.

Kisha akaenda kwenye mbao za zamani kabisa, zile alizozisugua mwenyewe kabla kifua hakijambana. Chini ya rangi alama zilikuwepo. Alikuwa akizizunguka na msasa kwa makusudi. Akaenda kwenye mbao za mwaka huu, za mwaka jana, akapitisha kidole mwisho wa kila mstari. Laini. Mtu alikuwa amesugua mpaka chini, akajaza, akasugua tena, mpaka dole lake likapotea pamoja na kila kitu lilichokifanya.

Akakaa juu ya ndoo ya rangi.

Silvère alimkuta hapo. Aliingia bila kubisha, kisha akarudi nyuma akabisha, kama mgeni.

"Dada."

"Usiniite dada."

"Dokta."

"Hilo pia umenipokonya leo. Tangu lini, Silvère? Na usinipige chenga."

Hakumpiga chenga. Alisema ilikuwa mwaka juzi, baada ya Pasaka. Mwanzo alidhani ni uchovu: tuta moja hapa, jingine pale. Akalinyoosha. Akajiambia wiki ijayo litakuja zima.

"Na wiki iliyofuata?"

"Nikanyoosha tena."

"Ukakosa mdomo wa kuniambia."

"Kila Jumamosi nilikuwa nakuja na maneno yangu tayari, dada. Nafungua mlango nakukuta unaimba. Unaniambia, Silvère, tazama ule wa wiki jana ulivyotoka. Ningesema nini?"

"Kwa hiyo kosa ni la wimbo wangu."

Silvère alijisogeza mpaka kwenye meza, akaweka mkono juu ya ubao wa ufa ili apate pa kushika. Alisema hakutaka mambo yafike kwa Peace. Lakini amehamishiwa Huye, mwezi ujao anaondoka, na barua ilipofika hakulala. "Nikiondoka, nani atakuwa nyuma yako?"

Daphrose akainua uso. "Nyuma yangu wapi?"

Silvère akatazama ubao.

"Nimekuuliza, nyuma yangu wapi? Ubao haumuumizi mtu. Nyuma yangu wapi, Silvère?"

Na kabla hajajibiwa alikwisha kujijibu. Aliisikia sauti ile ile ya upole, juu ya kitanda cha upasuaji, chini ya taa: Dada, umesimama sana, niachie nifunge. Dada, nenda kakae, hapa pamebaki kidogo. Naye alikuwa akivua glavu, akienda kukaa, akijisikia mtu mzima anayeheshimiwa. Alimsimulia hata Ariane kwenye simu: vijana wa siku hizi hawana adabu, lakini Silvère, jamani, huyo amelelewa.

"Ulikuwa unafumua," akasema.

"Pale palipohitaji tu."

"Unafumua nyuzi zangu na kushona upya."

"Hakuna mtoto aliyeharibika, dada. Naapa. Hakuna hata mmoja."

"Wangapi?"

"Si wote."

"Sikukuuliza kama ni wote."

"Wengi," Silvère akasema. "Tangu mwaka jana, wengi."

Basi, ndiyo hivyo. Wale kina mama waliompigia magoti wodini, wale waliomletea mayai na ndizi, yule bibi wa Ndera aliyekuja na kuku hai akasema mjukuu wangu sasa ataolewa. Shukrani zile zilikuwa za mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amesimama pembeni akitabasamu. Ndiye aliyembebea yule kuku mpaka kwenye gari! Daphrose aliona aibu, aibu ya mtu aliyegundua kwamba alitembea mjini kutwa na vazi limechanika nyuma, na rafiki yake alikuwa akitembea karibu karibu ili watu wasione. Na juu ya aibu ile ikapanda hasira, maana vazi ni lake. Alikuwa na haki ya kujua.

"Na siku ungeugua malaria?" akauliza. "Siku mke wako angejifungua, ukakosa kuja? Mtoto yule angelala pale, mimi juu yake na kisu, nimejiamini kwa sababu umenifundisha kujiamini. Uliwaza hilo ulipokuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Niliwaza. Ndiyo maana..."

"Ndiyo maana ukaenda kwa Peace. Siku ile ya kwanza ungenivuta hapa, ukaniambia dada, tazama mstari huu. Ningekupiga kofi. Ningekununia hata mwezi. Halafu ningeweka kisu chini mwenyewe, kwa mdomo wangu, na ningebaki mimi. Sasa nimeondolewa kwa picha ya simu, na mbao zangu si zangu, na wagonjwa wangu si wangu. Umeniachia nini?"

Silvère alikuwa analia. Alilia bila sauti, akisema niliogopa kukupoteza, niliogopa hizi Jumamosi zitakwisha, mimi sina pengine pa kwenda kama hapa. Aliyasema kwa moyo wake wote, na Daphrose aliyaamini, na ndiyo yaliyomchoma zaidi. Adui angalau ungemchukia ukapata usingizi.

Kisha akaona mkono. Silvère alipokuwa akilia, dole lake lilikuwa limeanza lenyewe kupita juu ya tuta lililoyumba, likisugua, likibonyeza pembeni, likilirudisha kwenye mstari. Vumbi jembamba lilikuwa likidondoka mezani. Wala hakujua kwamba anafanya hivyo.

"Toa mkono," Daphrose akasema.

Akautoa upesi, kama aliyeungua.

"Naweza kuja Jumamosi? Hata kukaa tu?"

Daphrose alimnyooshea kiganja. Alikinyoosha hivyo mpaka Silvère alipoelewa, akautoa ufunguo mfukoni, akauweka pale. Alipotoka, Daphrose naye alilia, tena kwa sauti, hakujali. Na huko nje Cyusa, mtu wa watu, akachukua nyundo akaanza kugonga kipande cha bati ambacho hakikuhitaji kugongwa, ili asionekane anasikia.

Jumatatu alikwenda kazini. Peace alikuwa amemwambia apumzike nyumbani, lakini kulikuwa na mtoto aliyepangiwa kupasuliwa asubuhi hiyo, na mama yake alikuwa hajaambiwa sababu ya kubadilishiwa daktari. Wauguzi walimtazama, wakatazama faili. Habari zilikwisha tembea. Katika hospitali hazikosi miguu.

Mama mwenyewe alikuwa Kamikazi, muuza vitenge wa Nyamirambo, na mtoto wake wa kike alikuwa mgongoni, mdomo umepasuka mpaka chini ya pua, macho makubwa yanacheka. Alipomwona Daphrose alimrukia, akaukamata mkono wake wa kulia kwa mikono yake yote miwili.

"Dogiteri! Waliniambia eti nipewe mwingine, nikakataa. Nikawaambia mimi nangojea Dogiteri Daphrose, hata mwaka. Mtoto ya Mama Sangwa, jirani yangu, si wewe ulimushona? Ile mwaka jana? Wee! Ukimutazama huwezi kujua kama ilipasukaga. Mutaa yote inakuja kumuona. Nikasema, na wangu atashonwa na mikono hii hii." Akaubusu mkono ule. "Hii hii, Mungu aibariki."

Daphrose alimkumbuka mtoto wa Mama Sangwa. Alikumbuka pia sauti iliyomwambia aende akakae.

Ingekuwa rahisi. Angesema ninaumwa kidogo, mama, nenda kwa mwenzangu, na Kamikazi angemwombea dua, na mtaa mzima wa Nyamirambo ungeendelea kuisifu mikono yake mpaka siku ya kufa kwake. Hakuna aliyemlazimisha kusema zaidi. Peace alikuwa ameahidi kuyafunika mambo kwa heshima. Kila mtu alikuwa tayari kumfunika, na alikuwa amechoka kufunikwa.

Usidhani alikuwa amemsamehe Silvère. Asubuhi ile ile walikutana mlangoni na hakuitikia salamu yake. Hakujua kama ataiitikia siku yoyote.

"Mtoto wa Mama Sangwa hakushonwa na mimi," akasema. Aliongea kwa sauti ya kawaida, na wauguzi wawili waliokuwa wakitandika kitanda wakaacha kutandika. "Mimi nilianza, nikakosea. Mkono wangu unatetemeka siku hizi. Alikuja Dkt. Gasana nyuma yangu, akafumua, akashona upya. Ule unaousifu ni mshono wake."

Kamikazi alicheka kidogo, akingoja kuambiwa ni utani. Akamtazama usoni, akaona si utani. Akautazama ule mkono alioushika, kwa muda, kama mtu anayeangalia kitambaa alichouziwa.

"Kweli, dogiteri?"

"Kweli, mama. Yuko hapa mpaka mwisho wa mwezi, kisha anahamia Huye. Mwahi."

Kamikazi akauachia mkono wake. Aliuachia taratibu, bila ubaya wowote, akamweka sawa mtoto mgongoni, akakaza mbeleko. Kisha akanyoosha shingo na kuanza kutazama huku na huku wodini, juu ya bega la Daphrose, kwenye vitanda vya mbali ambako makoti meupe yalikuwa yakizunguka.

"Huyo Dogiteri Gasana," akauliza, "ni nani kati ya wale?"

Daphrose akamwonyesha kwa kidevu. Mikono alikwisha itia mifukoni.